Ng'ombe wa Cheptanui Ndani ya Simu

Cheptanui hakuwahi kusema bitkoini. Alisema ng'ombe. Ungepita kwenye kibanda chake cha chai pale njia ya kuingia Olkaria, asubuhi mabomba ya mvuke ya mtambo wa umeme yakinguruma huko juu, ungemsikia akimwambia mteja, "Lipa shilingi, lipa ng'ombe, bora ulipe. Unga wa hizi chapati sikuokota barabarani." Wageni walidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Wenyeji walijua anachosema, na walishamzoea.

Mambo yalianza na vijana wa mashine. Kampuni moja ndogo ilikuwa imeleta makontena yaliyojaa kompyuta, zikawa zinakula stima ya mvuke usiku na mchana, na vijana waliozitunza walilipwa nusu shilingi, nusu koini. Mmoja wao, Micah, kijana mrefu mwenye adabu, alikula chapati tatu na ndengu siku ambayo mtandao wa M-Pesa ulikuwa umelala tangu alfajiri. Mfukoni hakuwa na ndururu. "Mathe," akasema, "si nikutumie koini?"

"Hiyo si pesa, ni hewa," Cheptanui akamjibu. "Na hewa hapa Olkaria tunayo ya kutosha."

Lakini chapati zilikuwa zimeshateremka tumboni, na chapati iliyoliwa hairudishwi kwa sahani. Akakubali shingo upande. Micah akamwekea programu kwenye simu, akamfundisha kubonyeza hapa na pale. Miezi michache baadaye, zile koini za shilingi mia mbili alizolipwa zilikuwa zimekuwa mia tatu na kitu. Lo! Tangu lini chapati iliyoliwa ikazaa?

Usidhani alikuwa mjinga. Mwanamke aliyemlea mwanawe Jonah peke yake kwa kuuza chai hadanganywi na simu. Kila jioni kabla ya kufunga kibanda alimwita Micah, wakatoa za unga, za mafuta, za gesi na za kodi, zikageuzwa shilingi hapo hapo. Bei ianguke, bei isimame, kesho kibanda kitafunguliwa. Zilizobaki ndizo alizoziita ng'ombe, na ng'ombe hauzwi kila siku ya soko. Hapo ndipo damu ya kwao ilipoanza kumwongoza.

Kwao ni Olenguruone, na babu yake alikuwa Mkipsigis wa ng'ombe hasa. Mzee yule hakulaza mifugo yake yote boma moja hata siku moja. Wawili alimpa rafiki Sotik, watatu akawapeleka Londiani. Desturi hiyo kwao ni kimanagan: rafiki anakuchungia, anakunywa maziwa, lakini ng'ombe anabaki wako, na haruhusiwi kumuuza bila kukuambia, hata awe amevunjika mguu. Mwaka ambao ndigana, ile homa ya ng'ombe, ilipita Olenguruone ikafagia maboma, nyumba ya babu haikulala njaa. Cheptanui alikuwa na miaka saba, na jambo hilo halikumtoka kichwani.

Sasa sikia alichofanya. Simu huibwa. Simu huanguka ndani ya sufuria ya chai, na yake ilishaanguka. Basi akagawa koini zake mafungu matatu. Moja akabaki nalo. La pili akalituma kwa simu ya binamu yake Jebet, huko Olenguruone. La tatu, kubwa kuliko hayo mengine, akampa Wangare wa Kamere, kando ya ziwa. Na kwa kuwa koini haina kiwele, kila mwisho wa mwezi aliwatumia wote wawili kredo ya simu ya mia mbili na ujumbe: "Maziwa yenu." Micah aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.

Huyu Wangare aliuza samaki, tilapia na kambare, na alikuwa na sauti ya kuita mashua kutoka katikati ya ziwa. Mkikuyu wa Kinangop, mjane, mkali kwa bei na mwepesi kwa machozi. Urafiki wao haukuwa wa juzi. Mwaka ule mbaya baada ya uchaguzi, vijana walipozunguka na panga wakiuliza watu majina ili wajue kabila, Wangare alimficha Cheptanui chumbani kwake siku nne, nyuma ya makreti ya samaki. Waliobisha hodi aliwaambia humo ndani kuna mgonjwa wa kipindupindu, wakitaka waingie. Hawakutaka. Cheptanui alinuka samaki wiki mbili na hakulalamika. Sasa wewe niambie, fungu kubwa angempa nani mwingine?

"Usiuze," alimwambia siku ya kumkabidhi. "Hata mvua ya mawe inyeshe."

"Sawa, Mkalenjin wangu," Wangare akasema. "Lakini ujue mimi ni mtu wa samaki. Samaki ya saa moja na samaki ya saa nane si ndugu." Wakacheka, wakanywa soda. Wangare mwenyewe alikuwa na koini zake, alizonunua kidogo kidogo baada ya kuona za mwenzake, na hakuna aliyezitilia maanani.

Kisha ziwa likaja juu. Cheptanui alikuwa amepanga chumba cha mabati Karagita, laini za chini, zile safu za vyumba karibu na maji, miaka kumi na tisa. Mwaka huo maji ya Naivasha yalikataa kurudi nyuma. Yalimeza shamba la sukuma, yakameza choo cha laini ya kwanza, watu wakahama na magodoro kichwani, na kiboko akaonekana kwenye njia ya watoto wa shule. Chumba cha Cheptanui kilikuwa laini ya tatu. Kila asubuhi alisimama mlangoni kuangalia maji yamefika wapi, kabla hata hajawasha jiko.

Huko juu, mbali na maji, Mzee Njuguna alikuwa anauza ploti ya futi hamsini kwa mia. Cheptanui alitoa akiba yake yote ya chama, akalipa zaidi ya nusu. Ikabaki laki mbili, siku ya mwisho thelathini Novemba. Mzee alikuwa mtu wa haki lakini hakuwa mtu wa kungoja. "Mama Jonah," alimwambia, "kuna mwalimu wa Gilgil ana pesa mkononi. Tarehe moja Desemba ikifika bila yako, nakurudishia zako namuuzia yeye. Usiseme sikukuambia."

Oktoba ikaingia, na bei ya koini ilikuwa juu kuliko Cheptanui alivyowahi kuona. Fungu lake elfu sitini, la Jebet elfu sitini, la Wangare laki moja na ishirini. Ploti ilikuwa imepatikana na chenji juu. Wangare akamwambia waziwazi, "Uza leo. Lipa mzee. Lala usingizi."

Cheptanui akaitazama simu, akaona mabati. Mabati mapya, na mlango wa chuma, na labda tangi la maji ya mvua. "Nani huuza ng'ombe akiwa na mimba?" akasema. "Ngoja azae." Micah naye akasema chati zake zinaonyesha kupanda mpaka Krismasi. Kijana mzuri Micah, lakini alizungumza na hizo chati kama mtu aliyezizaa yeye. Basi Cheptanui akangoja.

Bei ikaanguka. Ikainuka siku mbili, akamshukuru Mungu, ikaanguka tena. Katikati ya Novemba alifungua simu akakuta fungu lake la elfu sitini limekuwa arobaini. Akajituliza. Ndiyo maana niligawa, akajiambia. Akampigia Jebet.

"Jebet, yako iko aje?"

"Imekonda."

"Imekonda namna gani?"

"Ilikuwa sitini. Saa hii ni arobaini. Kwani huko kwako ni ngapi?"

Cheptanui akakaa juu ya mtungi wa gesi. Hapo ndipo jambo lilipomwingia, tena lote kwa mara moja. Ndigana ya Olenguruone haikufika Sotik kwa sababu katikati kuna mito na milima na siku nzima ya kutembea. Bei haina mlima. Bei ya Kamere ndiyo ya Olenguruone, ndiyo ya Amerika, dakika hiyo hiyo. Angegawa mafungu hayo hata kwa watu mia, mwizi angemzuia, sufuria ya chai angeizuia, lakini hii homa isingebakisha boma. Babu hakukosea. Yeye ndiye aliyekosea aina ya ng'ombe.

"Shikilia, mathe," Micah akasema. "Itarudi tu."

"Lini?"

Micah akaangalia viatu vyake. "Hiyo sijui."

"Mzee Njuguna yake anaijua. Ni thelathini." Akamwambia Micah amuuzie fungu lake hapo hapo, na Jebet auze lile alilomtunzia. Zikapatikana elfu themanini. La Wangare kwa bei ya siku ile lingeleta themanini nyingine. Angepungukiwa elfu arobaini, na labda mzee akiombwa kwa magoti angelegea. Alifunga kibanda saa tano asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kufanya hata siku ya mazishi ya mama yake mkwe, akaenda Kamere.

Soko la samaki lilikuwa limesogezwa juu kwa sababu ya maji. Wangare alikuwa anapara tilapia.

"Nimekuja kuchukua ng'ombe," Cheptanui akasema.

Kisu kikasimama. "Hayuko."

"Hayuko vipi?"

"Niliuza. Oktoba, ile siku ilianza kuteleza. Nimekuwa nikitafuta siku ya kukuambia."

Cheptanui hakuuliza aliuza kwa bei gani. Hakuuliza pesa ziko wapi. Hofu ya mwezi mzima, ya maji mlangoni na ya mwalimu wa Gilgil, ilipanda kooni ikatoka kama kelele. "Mwizi! Miaka yote nakuita dada yangu, kumbe mwizi! Lakini mimi nilitarajia nini? Nyinyi watu, mkiona pesa hamuoni mtu!"

Soko zima likanyamaza. Nyinyi watu. Kila mtu pale, Mkikuyu, Mjaluo, Mkalenjin, alijua maneno hayo yametoka mwaka gani. Wangare alifuta mikono kwa leso, akatoa simu kifuani, akabonyeza, akairudisha. Simu ya Cheptanui ikalia mfukoni. Wangare akaokota kisu, akaendelea kumpara samaki yule yule ambaye alikuwa amekwisha kumpara.

Cheptanui alisoma ujumbe akiwa juu ya boda boda. Laki moja na elfu kumi na tano. Akamwambia mwenye boda asimame kando, akasoma tena. Wangare alikuwa ameuza karibu na kilele kabisa. Jumlisha na zile themanini, jumlisha elfu tano za kwenye mkebe wa kibandani, ploti ilikuwa yake. Angepiga kelele za furaha, lakini furaha haikuja. Ilikuja aibu, nzito, ikamkaa kifuani.

"Mathe, tunaenda ama tunalala hapa?" mwenye boda akauliza.

"Twende," akasema. Angesema turudi. Kosa la pili hilo, na lilikuwa baya kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza lilisemwa kwa hasira na hili lilifanywa kwa akili timamu. Siku tatu alipika chai akiwa amefunga mdomo. Chapati zikaungua.

Siku ya nne alijikaza akaenda. Meza ya Wangare ilikuwa tupu. Njoki, mwuza samaki wa meza ya pili, akamwangalia kutoka kichwani mpaka miguuni. "Umekuja kumalizia?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha!" Njoki akafyonza. "Maji yaliingia kwake Jumapili. Yuko kwa nasari ya kanisa na vyombo vyake. Alikuwa na pesa ya kuhama mapema, huyo. Muulize ilienda wapi."

Alimkuta Wangare ndani ya darasa la watoto, amekalia kiti chekundu cha mtoto wa miaka minne, anamenya viazi. Makreti ya samaki, godoro na jiko vilikuwa vimepangwa chini ya ubao. Hakusema karibu, hakusema toka. Cheptanui akachukua kiti kingine, akakaa, magoti yakamfika kidevuni. Siku nyingine wangecheka.

"Koini zako ziko wapi?" akauliza.

"Ziko. Zimekonda."

"Uliuza zangu ukaacha zako?"

Wangare akamenya kiazi chote kabla ya kusema. "Uliniambia nisiuze. Nikauza. Unafikiri nililala? Wewe unaona ng'ombe, Cheptanui, mimi naona samaki, na hiyo samaki yako ilikuwa na tarehe. Pesa iko na tarehe haingojwi izae. Nikasema, wacha niuze kabla haijanuka. Halafu bei ikainuka siku mbili, nikaogopa. Nikaona nimekula ng'ombe ya mtu. Zangu zilikuwa karibu sawa na zako. Nikasema, basi hizi siguzi. Ikipanda, nampa zangu, ng'ombe kwa ng'ombe, hatajua hata niliuza. Ikianguka, ana shilingi zake."

Cheptanui alijaribu kufikiria, akashindwa kupata pembe moja ambayo yeye angeumia. Ipande, ianguke, alikuwa amefunikwa. "Na wewe?" akauliza. "Ikianguka, wewe ungekuwa na nini?"

"Mimi nilidhani niko na wewe."

Hapo Cheptanui alilia. Si machozi ya kupangusa kwa kidole. Alilia kwa sauti, mwanamke wa miaka arobaini na saba kwenye kiti cha mtoto, picha za herufi zikimwangalia kutoka ukutani. "Nisamehe, Wangare. Nisamehe, dada yangu."

"Hilo la mwizi nimesahau," Wangare akasema, naye sauti imeanza kukatika. "Hata marehemu mume wangu aliwahi kuniita mwizi, na alikuwa amelala na pesa mfukoni. Lakini nyinyi watu? Wewe? Kuniambia mimi?"

"Sijui ilitoka wapi."

"Unajua. Sote tunajua. Mimi nataka tu kujua kama itatoka tena."

"Haitatoka."

Wangare akasukuma nusu ya viazi kwa mguu upande wa mwenzake, akampa kisu cha pili. Wakamenya mpaka vikaisha.

Thelathini Novemba walikutana kwenye ploti: Mzee Njuguna na karatasi zake, mwenyekiti wa nyumba kumi, Cheptanui, na Wangare ambaye aliambiwa anakuja kuwa shahidi. Pesa zikatumwa, mzee akavaa miwani akasoma ujumbe mara mbili, akaridhika. Akatoa kalamu. "Jina la mnunuzi?"

"Andika majina mawili," Cheptanui akasema. "Langu na la huyu. Nusu kwa nusu."

Wangare akaruka. "Hapana! Mimi sitaki huruma ya mtu."

"Huruma gani? Bila wewe, mwalimu wa Gilgil angekuwa hapa kesho anachimba mashimo ya fensi. Hii ploti wewe ndio uliinunua, Oktoba, mimi nikingoja mabati."

Mzee Njuguna akavua miwani. "Akina mama, mimi nimeona ndugu wa tumbo moja wakipelekana kotini kwa futi mbili za shamba. Mtagombana."

"Tumeshagombana, mzee," Cheptanui akasema. "Tulianza na hiyo."

Wangare aliwaacha, akatembea mpaka mwisho wa ploti upande wa juu. Kutoka pale ziwa lote lilionekana, na kando ya ziwa mapaa ya mabati yaliyokuwa yametokeza majini, safu mbili nzima, na ya tatu ikiwa imeguswa miguu. Alisimama muda mrefu hata mwenyekiti akaangalia saa. Cheptanui hakumfuata. Alikuwa anaogopa kuliko alivyoogopa maji, kwa sababu ploti sasa alikuwa nayo, na alijua asingeweza kulala juu yake peke yake.

Wangare akarudi, vumbi limemjaa viatuni. "Na majirani wakiuliza, tutawaambia sisi ni nani?"

"Nitawaambia wewe ndio mwenye ploti," Cheptanui akasema. "Mimi ni mpangaji."

Wangare akamtazama, uso wake bado ukikataa kucheka. Akachukua kalamu mkononi mwa mzee, akainama juu ya karatasi, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, na nambari ya kitambulisho chini yake.

"Basi ujue," akasema bila kuinua macho, "kodi kwangu ni tarehe tano. Na sipendi visingizio."